Walioingia Bungeni na Waliobaki Barabarani: Uchambuzi wa Juni 25, 2024

Jumanne, Juni 25, 2024, mwendo wa saa nane na nusu mchana, waandamanaji waliwazidi polisi nguvu jijini Nairobi na kuingia katika majengo ya Bunge. Muda mfupi kabla ya hapo wabunge walikuwa wameupitisha Mswada wa Fedha wa 2024, ambao mapendekezo yake ya ushuru ndiyo waandamanaji waliyoyapinga, kwa kura 195 dhidi ya 106. Kilichofuata kinajulikana. Sehemu ya jengo ilishika moto, siwa ikabebwa, vijana wakapigwa picha wakijipakulia chakula kwenye mkahawa wa waheshimiwa, ofisi ya gavana pale City Hall ikaungua, na watu wakapigwa risasi wakafa. Usiku Rais William Ruto alilihutubia taifa akisema mjadala halali ulikuwa umetekwa na watu hatari, na akayaita matukio ya siku hiyo uhaini. Kesho yake akatangaza kwamba hatautia sahihi mswada huo.

Mambo ya ushuru tunayaacha kando hapa. Tunachoangalia ni makundi matatu yaliyokutana siku ile, yaani walioandamana, wabunge waliosema ndiyo, na polisi, na jinsi kila moja lilivyopewa sura ya watu wake wabaya zaidi kabla jua halijatua. Wengi husema kuhukumu kundi kwa wachache ni kosa, basi. Ukikichambua kisa hiki utaona mambo si mepesi hivyo. Kwa waandamanaji lilikuwa kosa kubwa. Kwa wabunge lilikuwa nusu kosa, na nusu hiyo ilikaa mahali ambapo watu hawakuitazamia. Kwa polisi, hoja ya "wachache wakaidi" ndiyo iliyotumika kukwepa swali.

Kati ya wangapi?

Swali la kwanza kwa hukumu yoyote ya kundi ni la hesabu, na ndilo linalorukwa. Mtu anasema "Gen Z wamechoma Bunge", akimaanisha kizazi kizima cha vijana. Waliochoma ni wangapi, kati ya wangapi?

Siku ile watu waliandamana katika kaunti nyingi, na nyingi kati ya hizo hazina Bunge la Kitaifa la kuingia. Hata Nairobi, mtu aliyekuwa Kimathi Street au Moi Avenue na bendera shingoni, simu mkono mmoja na chupa ya maji mkono wa pili, akiimba "Zakayo shuka" (Zakayo, mtoza ushuru wa Biblia, ni jina la utani la Rais Ruto) na kukimbia vitoa machozi, huenda hakuiona hata bati ya Bunge. Walikuwepo madaktari na wauguzi wa kujitolea wakitibu majeruhi. Walikuwepo waliokuja asubuhi wakarudi nyumbani saa saba. Wote hawa wamo katika neno moja na aliyebeba siwa.

Kuna njia ya kukadiria umati ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia. Aliianzisha Herbert Jacobs, mwalimu wa uanahabari huko Berkeley, Marekani, katika miaka ya 1960. Unapima eneo lililojaa watu, kisha unazidisha kwa msongamano. Watu wakiwa wamekaa wazi kiasi cha mtu kupita kati yao, hesabu mtu mmoja hivi kwa kila mita ya mraba. Wakiwa wamebanana, hesabu karibu wawili na nusu. Wakiwa hawawezi kusogea, hesabu wanne. Tuseme barabara ina upana wa mita 30 na imejaa kwa urefu wa mita 400. Hilo ni eneo la mita za mraba 12,000, kwa hivyo watu 12,000 wakiwa wametawanyika na takriban 30,000 wakiwa wamebanana. Watu 300 wakichomoka hapo na kuvunja duka, ni asilimia mbili na nusu ya umati wa kwanza na asilimia moja ya umati wa pili. Namba hizi ni za mfano wa hesabu tu, wala si makadirio ya Juni 25.

Hesabu hii huharibika kwa njia zinazojulikana. Picha iliyopigwa kwa lenzi ya kuvuta kutoka mbali hubananisha vichwa, mia mbili wakaonekana elfu mbili. Picha iliyopigwa kutoka chini haionyeshi nafasi zilizo wazi kati ya watu. Vitoa machozi vikifyatuliwa, umati hukimbilia vichochoro, kwa hivyo hakuna picha moja inayouonyesha wote. Na watu huingia na kutoka mjini kutwa nzima, ndiyo maana picha ya saa sita haitoi jumla ya siku. Anayetaka hesabu ya kuaminika huchukua picha za juu za nyakati kadhaa, hukadiria kila moja peke yake, na hutoa kiwango cha chini na cha juu. Anayetoa namba moja nzima, "elfu hamsini", ama anajisifu ama anatisha.

Kwa nini akili huruka hesabu hii? Jibu moja zuri lilipatikana mwaka 1978. Mwanasaikolojia Myron Rothbart na wenzake waliwapa watu maelezo kuhusu kundi la watu 50, na 10 kati ya hao walikuwa wametenda uhalifu. Baadhi ya washiriki walisoma uhalifu mdogo, wengine wakasoma uhalifu mzito. Idadi ya wahalifu haikubadilika, ilikuwa 10 kote. Walipoulizwa baadaye, waliosoma uhalifu mzito walikumbuka wahalifu wengi zaidi. Kichwani mwa mtu, uzito wa tendo hugeuka kuwa wingi wa watendaji, naye hajui kama umegeuka.

Sasa weka Bunge linalowaka mahali pa uhalifu ule mzito. Saa sita za kutembea na kuimba hazina picha ya kurudiarudia. Moto unayo. Runinga ziliurudia, simu zikaurudia, na kila urudiaji uliongeza watu kwenye umati wa walioingia bila mtu hata mmoja kuongezeka pale barabarani. Ukichora duara la waliotajwa kuwa "wachomaji" kuanzia saa tisa mchana hadi saa tatu usiku, utaliona likipanuka kutoka lango la Bunge hadi kuwafunika wote waliokuwa mjini, kisha wote waliozaliwa baada ya 1997.

Kundi lisilo na mlango

Vuguvugu la 2024 lilijieleza kwa sifa tatu: hatuna kabila, hatuna kiongozi, hatuna chama. Kwa historia ya Kenya hizo zilikuwa silaha. Maandamano yenye kiongozi humalizwa kwa kumaliza mambo na kiongozi, na kila mtu Nairobi alikumbuka Machi 9, 2018, Uhuru Kenyatta na Raila Odinga walipopeana mikono kwenye ngazi za Harambee House na miezi ya maandamano ikaishia hapo. Asiye na kiongozi hana wa kuitwa Ikulu.

Lakini sifa hizohizo ndizo zilizofanya kundi liwe rahisi kuhukumiwa kwa wachache. Chama kina orodha ya wanachama, kina msemaji, na kinaweza kumfukuza mtu. Waandamanaji hawakuwa na mlango, kwa maana ya kwamba yeyote aliyekuwa mjini na kitambaa kichwani aliweza kuhesabiwa kuwa mmoja wao, na hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kusema huyu si wetu. Aliyeamua mipaka ya kundi akawa yule mwenye kamera, au yule mwenye kipaza sauti usiku.

Sheria nayo ilichangia. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Sheria ya Utaratibu wa Umma, kifungu cha 5, inataka anayeandaa ampe afisa wa polisi taarifa siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla, akiandika jina lake kamili, anwani yake, tarehe, mahali au njia, na saa kati ya kumi na mbili asubuhi na kumi na mbili jioni. Kwenye karatasi hilo ni jambo la busara, maana linatoa mtu wa kuzungumza naye fujo zikianza. Katika hali ya mwezi ule, kuandika jina na anwani kulikuwa sawa na kuwaelekeza watu wa kukukamata nyumbani. Kwa hiyo hakuna aliyekuwa tayari kuwa jina hilo, na umati ukabaki bila wa kuujibia.

Gharama ya hilo ilionekana Julai 2, 2024, pale maandamano yalipogeuka uporaji katika sehemu kadhaa. Mtandaoni jibu lilikuwa moja: "hao si Gen Z, hao ni wahuni wa kukodiwa." Nairobi jibu hili si la kudharau. Wahuni wa kukodiwa wapo, na wanasiasa wamewatumia kwa miongo mingi. Juni 17, 2025, wanaume waliobebwa kwa pikipiki wakiwa na mijeledi na rungu walionekana kwenye video nyingi katikati ya jiji wakiwapiga waandamanaji, polisi wakiwa hawako mbali. Ikiwa mtu anaweza kulipwa ili aonekane, basi mkali anayeonekana kwenye kundi huenda si mwanachama mkali hata kidogo. Ni bidhaa iliyowekwa mbele ya kamera. Methali ya samaki mmoja akioza haisemi lolote kuhusu samaki aliyetumbukizwa kapuni na jirani.

Shida ni kwamba "hao ni wa kukodiwa" ni sabuni inayosafisha kila kundi. Wafuasi wa serikali hulisema, wapinzani hulisema, mashabiki wa mpira hulisema. Ili lisiwe kisingizio linahitaji kupimwa, na mambo ya kupima yapo. Angalia kilichosemwa kabla ya siku: je, waliohamasisha walitaja maduka na mali kwa namna gani katika mabango na jumbe zao? Angalia waliosimama karibu kwenye video, usimwangalie mtendaji peke yake. Je, walimzuia, walimshangilia, walipiga picha, au waliondoka? Umati unaozomea na umati unaopiga makofi ni ushahidi tofauti kabisa, ingawa kichwa cha habari huwa kimoja. Kisha angalia siku mbili tatu baadaye: je, kuna anayejisifu na kupata sifa, au anayejisifu anatengwa? Baada ya Julai 2 baadhi ya sauti zilizosikika sana ziliwataka watu wasirudi barabarani siku ya Alhamisi, kwa hofu ya wahuni. Kukana huko kulikuwa na bei, maana kulizima shinikizo lao wenyewe. Kukana kunakomgharimu anayekana kuna uzito kuliko sentensi moja kwenye mtandao wa X.

Orodha ya 195

Kwa wabunge mambo ni kinyume. Hapa kundi lina mlango, lina orodha, na kila jina lina kura. Namba zao za simu zilisambazwa na watu wakahimizwa "kuwasalimia" wabunge wao. Baadhi walipokea jumbe na simu kwa maelfu. Mtu anaweza kusema hiyo ilikuwa usumbufu. Hata hivyo, kumhukumu mbunge kwa kura aliyopiga mwenyewe si kumhukumu kwa kosa la mwenzake. Ni uwajibikaji wa kawaida.

Upofu ulikuwa pengine. Bunge la Kitaifa lina wabunge 349 bila Spika. Ukijumlisha 195 na 106 unapata 301. Wanaobaki ni zaidi ya 40 ambao kura zao hazikuingia upande wowote. Hawa hawakuonekana katika hasira ya wiki ile, kwa sababu orodha iliyosambazwa ilikuwa na safu mbili tu. Mgawanyiko ukishakuwa wa pande mbili, asiyekuwa mkali upande wowote hafichwi na mtu. Hana safu, basi.

Pia "ndiyo" haikuwa moja. Siku tano kabla, Juni 20, mswada ulipita hatua ya pili kwa kura 204 dhidi ya 115. Juni 18, siku ya maandamano ya kwanza, upande wa serikali ulikuwa umetangaza kuondoa baadhi ya mapendekezo yaliyochukiwa zaidi, yakiwemo ushuru wa ongezeko la thamani (VAT) wa asilimia 16 kwa mkate na ushuru wa asilimia 2.5 kwa magari. Mbunge aliyesema ndiyo Juni 25 alikuwa akipigia kura maandishi tofauti na yale ambayo mama mboga wa Gikomba alisomewa redioni mwezi Mei. Hilo halimwondolei lawama. Linamwonyesha mtu anayetaka kumlaumu kwa usahihi ni swali gani la kumuuliza: ni kifungu kipi ulikubali kibaki, na kwa nini?

Nusu kosa tuliyoitaja ilitokea katika hatua iliyofuata. Kura ya mtu ilivuka orodha ikaenda kwa wasiokuwamo. Biashara zilizodhaniwa kuwa za wabunge zilivamiwa katika miji kadhaa, na waliopoteza riziki ni wahudumu wa kaunta na walinzi. Mtandaoni, jina la eneobunge liligeuka jina la kabila kwa sentensi mbili: mbunge wa huko amesema ndiyo, basi watu wa huko ndivyo walivyo. Hapo ndipo pa kusimama, kwa sababu Kenya inajua njia hiyo inaishia wapi. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na kwenye vizuizi vya barabarani wakati ule watu waliulizwa vitambulisho ili jina litoe hukumu. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 ilitungwa baada ya hapo. Kifungu chake cha 13 kinaweka faini ya hadi shilingi milioni moja au kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili, kwa matamshi ya chuki ya kikabila. Msimamizi wa kundi lolote la WhatsApp angefanya vyema kukisoma mara moja, hata kama hana nia ya kumshtaki mtu.

Polisi

Julai 1, 2024, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, KNCHR, ilisema imenakili vifo 39 tangu maandamano yaanze, majeruhi 361, visa 32 vya watu kutoweka na watu 627 kukamatwa. Siku moja kabla, Rais alikuwa ametaja vifo 19 katika mahojiano ya runinga.

Baada ya namba kama hizo, hoja mbili husikika. Ya kwanza husema polisi wote ni wauaji. Ya pili husema hao ni maafisa wachache wakaidi, na si haki kulipaka matope jeshi zima. Ya pili inasikika kama somo lilelile tulilolitumia kuwatetea waandamanaji, na ndiyo maana inawanasa watu wenye nia njema. Lakini kundi hili ni la aina nyingine. Waandamanaji hawakuagizwa na mtu kuingia Bungeni. Afisa hupangiwa zamu, hupewa silaha kwa daftari, hupewa risasi kwa hesabu, na husimama chini ya kamanda. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linaeleza ni lini bunduki inaruhusiwa, na linataka kisa cha kifo au jeraha baya kiripotiwe kwa Mamlaka Huru ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi, IPOA. Kwa hiyo swali la haki kwa polisi haliishii kwa aliyefyatua. Linaendelea: nani alitoa amri, ni risasi ngapi zilitoka ghalani na ngapi zilirudi, ripoti iliandikwa na nani na ikafika lini?

Tofauti tunayoishikilia ni hii. Kabila, rika na umati havina amri, kwa hivyo tendo la mmoja halipandi juu wala halisambai kando. Taasisi ina amri, kwa hivyo tendo la mmoja hupanda. Halisambai hata hapo kwa kila konstebo. Aliyekuwa akiongoza magari Haile Selassie Avenue siku ile hana damu mikononi kwa sababu ya sare. Lakini linapanda kwa waliokuwa juu.

Kuna jambo lingine ambalo taasisi hujifanyia yenyewe. Afisa anayevaa kiraia, akafunika uso na kupanda gari lisilo na alama, hawezi kutofautishwa na mwenzake asiye na hatia. Anayeangalia video hana jina la kulaumu, kwa hivyo analaumu neno lililopo, nalo ni "polisi". Anayeficha sura za wachache amewachagulia wengine wote lawama ya jumla. Namba ya kazi inayosomeka kifuani ni kinga ya afisa mwema kabla haijawa ushahidi dhidi ya mbaya.

Kundi la mtaa

Sehemu kubwa ya hukumu hizi haikutengenezwa Bungeni wala runingani. Ilitengenezwa kwenye makundi ya WhatsApp ya mitaa: ya ploti, ya kanisa, ya chama cha akina mama, yaliyoanzishwa kwa ajili ya maji, taka na mlinzi wa geti. Mtu anamjua jirani yake kwa miaka kumi, kisha kwa video moja anaanza kumjua kama "nyinyi".

Kabla ya kusema kundi la mtaa limegawanyika, pima nani anaongea. Utafiti wa 2019 wa kituo cha utafiti cha Pew kuhusu watu wazima wa Marekani ulionyesha kwamba asilimia 10 ya watumiaji wa Twitter ndio walioandika asilimia 80 ya jumbe zote. Kundi la ploti unaweza kulipima mwenyewe: fungua mipangilio ya kundi, hamisha gumzo bila picha, ufungue faili na utafute kila jina, uhesabu jumbe za wiki moja za siasa. Katika kundi la watu 200, usishangae ukikuta majina manane yamebeba karibu kila kitu. Waliobaki wamenyamazisha sauti ya kundi na wanangoja mtu aseme maji yanarudi lini. Ugomvi wa wanane unasomwa na kila upande kama msimamo wa mia.

Msimamizi ana zana, na ana njia nyingi za kuzitumia vibaya. Saa za kwanza baada ya tukio kubwa, kuweka kundi katika hali ya wasimamizi pekee kutuma ujumbe husaidia kwa usiku mmoja, hadi saa 24. Ukiifunga wiki nzima, watu huhama na kuunda makundi mawili mapya, kila moja na wakali wake, na hapo umepoteza hata yule jirani wa kati aliyekuwa akitoa ufafanuzi. Kumtoa mtu kundini hadharani humfanya shujaa wa upande wake. Mwandikie faraghani kwanza, ukinukuu ujumbe wenyewe na kifungu cha kanuni za kundi, na umpe nafasi ya kuufuta. Huyo mzee wa ploti ambaye kila mtu humwita Baba fulani, mpigie simu badala ya kumwandikia. Mtu mzima hufuta ujumbe kwa kuombwa kwa sauti, hafuti kwa kuamriwa kwa maandishi.

Kwa video, weka sharti la mambo matatu kabla haijajadiliwa: mahali, saa, na ilikotoka. Ikiwa ina mishale miwili ya kuonyesha kwamba imesambazwa mara nyingi, WhatsApp yenyewe huizuia isitumwe kwa zaidi ya gumzo moja kwa wakati mmoja, na hiyo ni ishara ya kutosha kwamba anayeituma hakuwepo. Tafuta maandishi ya maduka nyuma ya watu, uelekeo wa vivuli, lami yenye maji au kavu. Video ya mwaka uliopita ikirudishwa Juni huonekana mpya kwa sababu mji ni uleule na moshi ni uleule.

Kisha lipo badiliko dogo la maneno linalofanya kazi kubwa kuliko yote hayo. Badala ya nomino ya kundi, andika tendo. "Watu walioingia Bungeni", si "Gen Z". "Wabunge waliopiga kura ya ndiyo", si "wale wa upande ule". "Afisa aliyefyatua risasi" na "kamanda wa siku hiyo", si "polisi". Msimamizi hahitaji kuhubiri kuhusu hilo. Anaandika hivyo mwenyewe, na anapomjibu mtu anarudia hoja ya mtu huyo kwa maneno hayo. Baada ya siku chache sentensi zinarefuka, na zikirefuka watu hulazimika kufikiria ni nani hasa.

Takwimu za kweli kuhusu upande wa pili nazo husaidia, kuliko wito wa kupendana. Watafiti Douglas Ahler na Gaurav Sood walichapisha mwaka 2018 matokeo ya Marekani ambako watu walidhani asilimia 38 ya wafuasi wa chama cha Republican hupata zaidi ya dola 250,000 kwa mwaka, wakati ukweli ulikuwa karibu asilimia 2. Walipoonyeshwa namba halisi, uadui ulipungua kiasi. Kwa kisa cha Nairobi namba ya kuanzia ni rahisi: Rais alipata asilimia 50.49 ya kura halali za urais mwaka 2022. Karibu kila ngazi ya ploti yoyote yenye mchanganyiko ina waliompigia na wasiompigia, na baadhi ya waliompigia ndio walioandamana.

Ngumu zaidi ni pale mkali anapokuwa wa kwenu kweli. Hajakodiwa, hajapandikizwa, mnamjua mpaka kwao. Tamko la kumkana likiandikwa vizuri lina vitu vichache: tendo, mahali na siku, waliodhurika, nyinyi mlikuwa mmepanga nini, na mnafanya nini sasa. Kwa mfano: "Jana saa kumi, kwenye maduka ya stendi, watatu kati ya tuliotembea nao walivunja duka la simu. Tulipanga kutembea hadi barabara kuu na kurudi. Video tuliyonayo tumempa mwenye duka, na leo saa nane tunakutana kuchanga." Linatumwa siku hiyohiyo, mahali palepale picha ya uvunjaji iliposambazwa, na mtu mwenye jina.

Tamko huharibika kwenye neno "lakini". "Tunalaani uporaji, lakini serikali nayo..." Kinachofuata baada ya lakini huenda ni kweli tupu, na kinastahili ujumbe wake wa pekee, kesho yake. Kikiwekwa hapo, msomaji wa upande wa pili huikata sentensi katikati na kusambaza nusu anayoitaka.